Kazi Hainunuliwi

Tangazo la kazi linapobandikwa ukutani mjini Baraka, habari yake huenea kabla jua halijapanda. Vijana huja kutoka mitaa yote, na wengine hushuka kwa miguu kutoka milima ya Fizi. Mwenye kujua Kifaransa husoma kwa sauti, na jirani yake huwafasiria wengine. Nafasi ni moja au mbili, waitakao hawahesabiki. Kisha huanza maneno ya chini chini: “Nafasi ile ina mwenyewe tayari.” “Tafuta mtu wa ndani, umpe cho chote.” Jioni baba hukaa na mwanawe, wakapiga hesabu ya mbuzi na nyavu, ni kipi kiuzwe ili kijana apate kazi.

Wasomaji wapenzi, jambo hili la kuuza na kununua kazi ndilo linalotufanya tueleze leo habari za ofisi moja ya Serikali ambayo wengi wameisikia kwa jina tu. Ni Ofisi ya Taifa ya Kazi, ambayo katika Kongo hujulikana kwa herufi za jina lake la Kifaransa, ONEM.

ILIKOTOKA

Nchi hii ilijua zamani vyama vya kutafuta wafanyakazi. Mwaka 1910, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kiliundwa huko Katanga chama kilichoitwa Bourse du Travail, maana yake Soko la Kazi. Chama hicho kilituma watu vijijini kukusanya vijana wa kufanya kazi katika migodi ya shaba. Jina lake lilisema kweli: lilikuwa soko, na bidhaa yake ilikuwa nguvu za watu. Mwajiri alitaja idadi ya watu aliohitaji. Kijana hakuulizwa anajua nini wala anataka nini.

Baadaye mataifa yalitambua kwamba mambo hayawezi kuwa hivyo. Mwaka 1948 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mapatano ya namba 88. Yasema kwamba Serikali inayoyakubali yapaswa kuwa na ofisi ya kazi kwa ajili ya watu wote, isiyotoza malipo, inayomsaidia mtu kupata kazi imfaayo, na kumsaidia mwajiri kupata mtu aifaaye kazi. Hapo ndipo ilipo tofauti. Soko la zamani lilikuwa na bwana mmoja. Ofisi ya Serikali hutumikia wawili.

Katika Kongo, ONEM iliundwa mwaka 2002, mwaka ule ule ilipotolewa Sheria mpya ya Kazi, tarehe 16 Oktoba. Jirani zetu nao walifuata njia hiyo: Tanzania ilianzisha Wakala wa Huduma za Ajira mwaka 2008, na Kenya ilitunga sheria ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira mwaka 2016.

KWA ATAFUTAYE KAZI

Je, kijana akifika katika ofisi hiyo hufanyiwa nini? Kwanza huandikwa: jina lake, umri wake, masomo yake, ufundi aujuao na kazi alizopata kufanya. Kisha hupewa kadi ya mtafuta kazi. Waajiri wengi wa Kivu, hasa mashirika ya misaada, wamezoea kuomba nakala ya kadi hiyo pamoja na barua ya maombi na vyeti. Kadi yenyewe si kazi. Ni ushuhuda kwamba jina lako limeandikwa, na kwamba ujuzi wako unajulikana.

Katika wilaya ya Fizi neno hilo, kujulikana, lina uzito wa pekee. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi walivuka ziwa Tanganyika wakakimbilia Kigoma, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Kuanzia mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli hadi Baraka. Katika watu hao walikuwamo maseremala, washonaji, waalimu na wauguzi. Lakini mtu aliyekaa ugenini miaka kumi hurudi na ujuzi mikononi, hana mjomba ofisini. Kwa mtu kama huyo, orodha iliyo wazi ndiyo mjomba wake.

Kama kijana hana ufundi wo wote, yafaa ajue kwamba Serikali ina chombo kingine, INPP, kilichoundwa mwaka 1964 ili kufundisha watu kazi za mikono na kuwaongezea ujuzi walio kazini.

KWA MWAJIRI

Wengine hudhani kwamba ofisi hii ni mzigo kwa mwajiri. Sivyo. Mwenye kujenga shule ataka mwashi ajuaye kupiga timazi, si mpwa wa msimamizi. Akipeleka habari ya nafasi yake ofisini, hutangazwa mahali pa wazi; naye aweza kuonyeshwa majina ya watu walioandikwa wenye ujuzi autakao.

Tena kuna faida ya amani. Wilaya ya Fizi ina Wabembe, Wabwari, Wafuliru, Banyamulenge na wengine. Kazi ni chache, na palipo na uchache maneno ni mengi. Huyu asema kazi zimechukuliwa na wageni. Yule asema ukoo fulani umeteka ofisi nzima. Mwajiri aliyeajiri gizani hana jibu. Aliyetangaza nafasi, akapokea maombi ya wote na kuwapima kwa mtihani mmoja, aweza kufungua daftari lake mbele ya watu.

BAADA YA KUAJIRIWA

Kupata kazi si mwisho wa habari. Sheria ya Kazi ina mambo ambayo kila nyumba yapaswa kuyajua.

Mkataba wapaswa kuandikwa. Usipoandikwa, sheria huuhesabu kuwa ni mkataba usio na mwisho uliowekwa, mpaka kinyume chake kithibitishwe. Kibarua wa kutwa aliyekwisha kufanya kazi siku 22 katika muda wa miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijatimia, huhesabiwa vivyo hivyo. Mkataba wa muda uliowekwa haupiti miaka miwili. Na kama mfanyakazi ameoa naye ametengwa na jamaa yake, haupiti mwaka mmoja. Watunga sheria walikumbuka kwamba nyuma ya kila mshahara kuna mke na watoto wanaongoja.

Ukitokea ugomvi, mfanyakazi asikimbilie matusi wala mawe. Yuko Mkaguzi wa Kazi, ambaye kazi yake ni kusikiliza pande mbili na kuzipatanisha. Na wasipopatana, iko mahakama.

UPUNGUFU ULIOPO

Tusidanganyane. Ofisi ya kazi haiumbi kazi. Watu wengi wa Fizi huishi kwa shamba, kwa uvuvi, kwa biashara ndogo, na wengine kwa dhahabu ya Misisi. Kazi za mshahara ni chache sana. Vita navyo vimeharibu mengi: Februari 2025 mji wa Bukavu, makao makuu ya mkoa, ulishikwa na M23, na mambo mengi ya Serikali yakavurugika. Tena kadi nzuri haina nguvu kama mwajiri amekwisha kuchagua mtu wake kabla ya kubandika tangazo.

Lakini upungufu wa dawa si sababu ya kunywa sumu. Anayenunua kazi hupoteza mara mbili. Kwanza hutoa mali ya jamaa, naye hana hakika. Mpokeaji akikana, atashitaki wapi, na kwa karatasi gani? Pili, akiipata hiyo kazi, huingia na deni, na mwenye deni hutafuta pa kulilipia: hugusa sanduku la dawa, hupunja saruji, humtoza anayekuja nyuma yake. Basi zahanati hukosa dawa na ukuta wa shule hupasuka, na watoto wetu ndio wanaoumia. Na pale ambapo binti huombwa mwili wake badala ya fedha, huo si mpango wa kazi. Ni uovu, naye mwenye kuutenda anastahili kushitakiwa, si kufichwa.

TUFANYEJE?

Enyi vijana, wekeni vyeti vyenu pamoja, na nakala zake mahali pengine, maana moto na maji havina huruma. Andikeni majina yenu. Someni tangazo hadi mstari wa mwisho, mpeleke maombi kabla ya siku iliyowekwa. Fedha yo yote mnayoambiwa kutoa ofisini, daini risiti yenye muhuri. Mwenye haki hatawanyima. Nanyi waajiri, hata mwenye duka na wafanyakazi wawili, andikeni mkataba.

Nawe baba uliyekaa jioni na kuhesabu mbuzi, usimwuze yule mbuzi kwa ajili ya mtu wa ndani. Ukiwa huna budi kumwuza, mnunulie mwanao vyombo vya ufundi. Nyundo na randa zitabaki mikononi mwake, hata kama jina lake halikuchaguliwa.