Fizi na Baraka: Kwa nini baadhi ya wakaaji wanafungua blogu kabla ya redio?

Mjini Baraka na katika vijiji vya wilaya ya Fizi, Kivu Kusini, redio bado ina nguvu. Haihitaji mega, na hata asiyejua kusoma anaisikia. Lakini kwa wanafunzi, wafanyabiashara na vijana wenye simu, mara nyingi habari ya kwanza inatoka kwenye blogu na kurasa ndogo za habari, ambazo watu wanatumiana katika makundi ya WhatsApp.

Sababu ya kwanza ni umbali. Redio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002, inatangaza katika lugha tano, Kiswahili kikiwemo. BBC inatangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1957. Wakaaji wanaziheshimu, ila moja inahudumia Kongo nzima na nyingine dunia. Fizi inatajwa zaidi kunapokuwa vita. Mwenye kupeleka mzigo Uvira kwa barabara ya kitaifa namba 5 anataka kujua leo hii kama njia iko wazi, au kama ni afadhali apite ziwani.

Sababu ya pili ni saa. Redio za jamii ziko karibu, lakini aliyekuwa shambani wakati wa habari amezikosa. Blogu inamngoja. Akiona jina la kijiji limeandikwa vibaya, anamwandikia mwandishi siku hiyohiyo.

Kuna pia wasomaji walio mbali. Vita vya mwaka 1996 viliwavusha watu wengi wa Fizi hadi kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania. Baadhi yao leo wanaishi Marekani. Redio ya Baraka haiwafikii kwa mawimbi. Wanasoma ili wajue kama ndugu zao wako salama.

Lakini ukaribu huo una hatari yake. Ujumbe wa uongo kuhusu shambulio unaweza kuwafanya watu waache mihogo shambani na kulala porini na watoto. Na katika eneo ambamo jamii zimezika watu wao kwa sababu ya mapigano ya milimani, habari inayolaumu kabila zima inaweza kuleta kisasi.

Sheria mpya ya vyombo vya habari ya tarehe 13 Machi 2023 inahusu pia vyombo vya mtandaoni. Hata hivyo, ujumbe usio na jina la mwandishi unapita kwa urahisi.

Mtandao nao unaweza kuzimwa. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kote kwa wiki kadhaa.

Kwa hiyo msomaji makini anashika vyote viwili. Kabla ya kufunga mizigo au kumtumia mwingine ujumbe, anatazama nani ameandika, lini, na kuhusu kijiji gani. Kisha anampigia simu mtu aliye pale, na kusikiliza redio inasema nini.