Mswaki Ukitumiwa kwa Nguvu Huharibu Meno na Ufizi

WATU wengi hudhani kwamba jino ni kama sufuria, kadiri linavyosuguliwa kwa nguvu ndivyo linavyong'aa. Asubuhi pale Malaba, malori yanaposubiri kuvuka mpaka, si ajabu kumwona dereva kando ya gari lake na kikombe cha maji, mkono ukienda mbele na nyuma kama wa mtu anayepasua mbao kwa msumeno. Huko Angurai nako kuna wazazi wanaomsifu mtoto kwa kusugua hadi ufizi utoke damu. Bidii hiyo ina hasara yake.

Jino limefunikwa na ganda liitwalo enameli, ambalo ni gumu kuliko mfupa. Lakini ganda hilo huwa jembamba karibu na ufizi, na mzizi hauna enameli kabisa. Ufizi ukisuguliwa kwa nguvu kila siku hurudi nyuma kidogo kidogo, mzizi ukabaki wazi. Baadaye shingo ya jino humomonyoka na kufanya mfereji. Hapo ndipo maji baridi, chai moto au hata upepo tu humfanya mtu aruke kwa maumivu.

Ufizi uliorudi nyuma hauoti tena, wala enameli iliyolika. Daktari wa meno anaweza kuziba mfereji huo, na pengine kupandikiza ufizi kwa upasuaji, lakini hiyo ni gharama ambayo wengi wetu hatuimudu.

Jambo la kusikitisha ni kuwa chini ya enameli kuna sehemu ya rangi ya manjano. Kwa hivyo anayesugua mno huona meno yake yakizidi kuwa manjano, naye akaongeza nguvu! Wengine hutumia mkaa uliosagwa, majivu au mchanga, ambavyo hulikwaruza jino kama msasa. Wapo pia waliokulia sehemu za Bonde la Ufa, kama Nakuru na Naivasha, ambako maji mengi yana madini ya floridi kupita kiasi. Madoa yao ya kahawia yamo ndani ya enameli yenyewe, na hakuna mswaki utakaoyatoa.

Uchafu unaopaswa kuondolewa ni ukoga, nao ukiwa mpya ni laini, hata ukucha huukwangua. Ukishakuwa mgumu kama jiwe, nguvu za mkono hazifui dafu. Huo ni wa kuondolewa na daktari kwa vyombo vyake.

Nunua mswaki wenye nywele laini, ulioandikwa 'soft'. Ushike kwa ncha za vidole kama kalamu, si kwa ngumi. Ulaze kidogo kuelekea ufizi, kisha usugue polepole kwa miduara midogo, jino baada ya jino, kwa dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe na floridi. Kiasi hicho kidogo hulinda meno. Mswaki wa mti si mbaya, Shirika la Afya Duniani (WHO) limewahi kuunga mkono matumizi yake, mradi ncha itafunwe hadi ilainike na ikatwe kila mara.

Baada ya kunywa soda au kula chungwa, ngoja kama nusu saa, kwa maana asidi hulainisha enameli. Mama mjamzito anayetapika asuuze kinywa kwa maji kwanza.

Ufizi ukitoa damu, usiache kupiga mswaki. Mara nyingi damu hiyo husababishwa na ukoga uliosalia, na ukisafisha kwa upole kila siku hupungua. Ikiendelea zaidi ya wiki mbili, mwone daktari wa meno.

Tazama pia mswaki wako. Ikiwa nywele zake zimetawanyika kabla ya miezi mitatu kwisha, mkono wako ni mzito.