Peugeot 504 ya zamani: rimu ziwe mwisho

Ndugu zangu, Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ndiyo maana wengi twadhani ikizeeka haitaki ila rimu mpya. Nami nilidhani hivyo. Niliivalisha yangu rimu za inchi 15. Siku moja naelekea Malindi, watoto wako nyuma, nikakata kona, gari likapepesuka hadi upande wa pili wa barabara. Alhamdulillahi, hapakuwa na lori.

Fundi hakugusa rimu. Aliibonyeza pembe ya gari akaiachia. Likadunda mara tatu. Shokamzoba zilikuwa zimekufa, hazizuii tena springi kurukaruka, basi tairi haishiki lami. Bushi za mpira nazo zilikuwa zimepasuka, magurudumu yakiyumba hata usukani ukinyooka.

Fuata mpangilio: bushi kwanza, kisha shokamzoba, ubadilishe za kushoto na kulia pamoja, halafu alaimenti. Springi usizikate ili gari lishuke. Rimu mwisho, ukitoka inchi 14 kwenda 15, chukua tairi yenye ubavu mfupi zaidi, kimo kibaki kile kile, isikwaruze madigadi. Kiatu kipya hakitibu goti bovu.