Haki Isikwame Njiani

Mwezi Mei, 1999, wilayani Kasulu, Mkoa wa Kigoma, wanawake wakimbizi kutoka Burundi waliotoka kambini kutafuta kuni walivamiwa na wanaume wa Kitanzania na kubakwa. Idadi yao ilitajwa kukaribia 50. Washukiwa 11 walifikishwa mahakamani, lakini kesi ikafutwa kwa kasoro za taratibu.

Wilaya hiyo ndiyo iliyokuwa na kambi ya Mtabila, iliyofungwa Desemba, 2012. Kambi imeondoka, funzo limebaki.

Sheria haikukosekana. Mwaka 1998 Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyoweka kwa mbakaji kifungo kisichopungua miaka 30, pamoja na fidia kwa aliyedhulumiwa. Sheria hiyo iliiruhusu mahakama kumtia mshitakiwa hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Wala haikubagua baina ya raia na mkimbizi.

Kilichokosekana ni uangalifu wa wale waliokabidhiwa sheria hiyo kama amana. Mkimbizi alikatazwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini bila kibali. Basi aliyebakwa porini alikuwa na hofu mbili: ya aliyemdhulumu, na ya kuulizwa alifuata nini huko. Mwenye hofu kama hiyo hawezi kudai haki asiposhikwa mkono.

Sisi wa Visiwani tusidhani kwamba hayo ni ya Kigoma tu. Huku kwetu hofu ina jina lake, nalo ni muhali. Mtenda akiwa jamaa au jirani, wazee hukaa wakasuluhisha, na mtoto wa watu akaambiwa asitiri aibu. Tunauliza: aibu ni ya nani? Ubakaji ni jinai, na jinai haimalizwi barazani.

Aliyefikwa na dhulma hiyo ana haki ya kutibiwa upesi. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina budi kuanzwa kabla ya saa 72 kupita. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kumwona daktari, maana huo ni ushahidi. Vituo vya Mkono kwa Mkono vimewekwa ili daktari, polisi na mshauri wapatikane pahala pamoja, na Tanzania Bara ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa asiyeweza kumlipa wakili.

Kwa hiyo tunawakumbusha watumishi wa Serikali. Sheha asipokee sulhu. Polisi atoe fomu ya PF3 bila kuzungusha watu. Mwendesha mashitaka afike kwa wakati, na mashahidi wake wawe tayari. Mwanamke aliyepata ujasiri wa kusema amekwisha kutimiza wajibu wake. Uliobaki ni wetu.