Ukuta wa Ubongo Hulindwa kwa Kupima Presha

Mwaka 1885, daktari Mjerumani Paul Ehrlich aliwadunga wanyama rangi kwenye damu. Viungo karibu vyote vikashika rangi, ubongo ukabaki vilevile. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, alifanya kinyume: akatia rangi kwenye maji yanayouzunguka ubongo. Safari hii ubongo ndio ulioshika rangi, viungo vingine vikasalimika. Ikawa dhahiri kwamba kati ya damu na ubongo kuna kizuizi.

Kizuizi hicho ni kuta za mishipa midogo kabisa ya damu iliyomo ndani ya ubongo. Kwingine mwilini, seli za kuta hizo huacha upenyo. Ubongoni zimebanana kama ukili wa mkeka ulioshonwa na fundi. Oksijeni hupenya, sukari huvushwa na protini maalumu, na vimelea na sumu nyingi huishia nje. Hata dawa nyingi hazipiti. Ndiyo maana wagonjwa wa malale ambao vimelea vimekwisha kuingia ubongoni walitibiwa kwa miaka mingi kwa melasoproli, dawa yenye aseniki iliyoua takriban mmoja kati ya kila 20 waliopewa.

Adui wa ukuta huu anayewapata wengi ni presha. Damu ikisukuma kwa nguvu miaka nenda miaka rudi, mishipa hukakamaa na mishono ya seli hulegea. Protini za damu huvujia ubongoni, huzusha uvimbe, na nyuzi za neva huharibika kidogo kidogo. Mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Kisukari na sigara huongeza madhara hayohayo. Matokeo yake huja baadaye: kumbukumbu kupotea, mwendo kuwa mzito, au kiharusi.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, jambo hili si la vitabuni. Utafiti uliofanyika nchini kati ya 2003 na 2006 ulilinganisha Wilaya ya Hai na jiji hili. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, wagonjwa wapya wa kiharusi kwa mwaka walikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 kule Hai, na 316 hapa Dar.

Tazama sasa presha inavyopimwa kwenye duka la dawa pale Madale. Mteja anashuka kwenye bodaboda, vumbi la barabarani bado liko kwenye nguo, ananunua panadol na kusema, "Hebu nipime na presha." Anapimwa amesimama, mkono unaning'inia, simu iko sikioni. Namba inayotoka hapo haiaminiki. Kaa kwanza dakika 5, miguu yote ikanyage sakafu, mgongo uegemee kiti, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, usizungumze. Pima mara mbili. Ukipata 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine. Ikibaki hapo, nenda zahanati au kituo cha afya.

Kushusha presha kunalipa. Matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kwamba watu wa miaka 50 na kuendelea walioshushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 walipata upungufu mdogo wa kumbukumbu na fikra kwa kiwango kilicho chini kwa karibu asilimia 19, kuliko walioachwa kwenye lengo la chini ya 140. Lengo lako wewe atalipanga daktari wako.

Mengine yako mikononi mwako. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile ya chipsi na mishikaki. Tembea, lala vya kutosha, acha sigara. Ukipanda bodaboda vaa kofia ngumu na uifunge kamba, maana pigo la kichwa nalo huweza kuupasua ukuta huu.

Wanaokuuzia vidonge au majani ya "kusafisha ubongo" waache na biashara yao. Hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kuziba ukuta huu. Na kama umeandikiwa dawa za presha, usiziache kwa sababu unajisikia nafuu. Nafuu hiyo ni kazi ya dawa.