Sura ya Saba: Maji Chini ya Jamvi

Nyumba nyingi za mijini kwetu hujengwa hivi: msingi unapanda, kifusi kinajazwa na kushindiliwa, mabomba yanalazwa, kisha jamvi la zege linamwagwa juu yake. Kuanzia siku hiyo mwenye nyumba hayaoni tena mabomba yake. Bomba likitoboka miaka kumi baadaye, dalili ya kwanza huwa ni bili.

Tundu la upana wa milimita 1.5 kwenye bomba lenye presha ya bar 3 hupitisha takriban lita 2,000 kwa siku. Hizo ni yuniti mbili za mita, yaani 60 kwa mwezi, bila mtu kuoga wala kufua. Kwa nyumba inayoteremshiwa maji na simtanki lililo mita 3 juu ya bomba, presha ni bar 0.3 tu, na tundu hilohilo hutoa lita kama 700. Bado ni maji ya kutosha familia nzima.

Yanakokwenda hutegemea udongo. Kwenye mchanga wa pwani yanazama kimyakimya, na yakiendelea yanahamisha chembe za kifusi mpaka jamvi linabaki limening'inia juu ya uwazi. Gonga marumaru kwa mpini wa bisibisi: palipo wazi hulia tofauti, ingawa marumaru iliyobandikwa vibaya nayo hulia hivyo, kwa hiyo dalili hii pekee haitoshi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga mambo ni mengine. Udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka; sehemu moja ya nyumba ikilowa na nyingine ikibaki kavu, sakafu inainuka upande mmoja na kuta zinapasuka kimshazari kuanzia kwenye kona za milango.

Kupima ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe. Funga koki zote, kisha tazama mita: kile kigurudumu kidogo kinachozunguka hata kwa maji haba kinapaswa kutulia kabisa. Lakini hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Kwetu maji ya mgao hupita kwenye mita, yakaingia tangini, ndipo yakasambaa ndani, na bomba la chini ya jamvi mara nyingi liko baada ya tangi. Floti ikishafunga, mita itatulia hata kama sakafuni kunavuja. Kwa hiyo pima pia tangi. Usiku, watu wakishalala, funga valvu inayoingiza maji, weka alama ya kalamu usawa wa maji, na asubuhi kabla ya mtu yeyote kufungua koki angalia kama usawa umeshuka. Hakikisha tu kwamba masinki ya choo hayavujishi maji kwenye bakuli, maana hayo huiba maji usiku kucha na lawama ikaangukia sakafu. Mwenye pampu ya kujiwasha ana dalili rahisi zaidi: pampu inawaka saa nane za usiku na hakuna aliyefungua maji.

Unyevu ukutani peke yake si ushahidi. Nyumba iliyojengwa bila nailoni chini ya jamvi hufyonza unyevu wa ardhini, rangi ikabanduka na chumvi nyeupe ikatokeza. Unyevu huo hupanda masika na kupungua kiangazi, ilhali bomba bovu halijui msimu.

Ukishathibitisha, usikubali fundi aanze na nyundo. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu sakafu nyingi nzuri zimebomolewa mahali pasipo na tatizo. Kwanza zitenganishwe njia: jikoni, bafuni, maji moto, kila moja ifungwe na kupimwa kwa geji. Njia ambayo sindano ya geji inashuka ndiyo yenye tundu. Kisha inatafutwa sehemu yenyewe. Bomba la chuma husafirisha sauti vizuri, na fundi mwenye kifaa cha kusikilizia hufuata mlio hadi unapokuwa mkali zaidi. Plastiki humeza sauti. Hapo husaidia gesi: mchanganyiko wa haidrojeni asilimia 5 na naitrojeni asilimia 95, usioshika moto, hujazwa kwenye bomba lililotolewa maji. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, hivyo hupenya zege na kunaswa na kifaa juu ya sakafu. Bomba la maji moto huonekana kwa kamera ya joto.

Tundu likiwa moja na bomba likiwa bado zima, kata jamvi kwa grenda, mraba wa kumtosha fundi kuingiza mikono, na usikate nondo bila sababu. Kiungo kipya cha plastiki kinahitaji subira. Bomba la milimita 20 hupashwa sekunde 5 kwenye mashine ya nyuzi 260, la milimita 25 sekunde 7. Likitolewa mapema, au umeme ukiwa hafifu na mashine haijapata moto, kiungo hushika siku ya majaribio na kuachia baadaye. Jaribu kwa presha kabla ya kufukia, kisha shindilia kifusi kwa matabaka, rudisha nailoni, na umwagilie zege jipya kwa siku 7.

Bomba la chuma lililooza ni habari nyingine. Likitoboka mara moja litatoboka tena hatua mbili mbele. Liache humohumo, lizibwe, na upitishe njia mpya ukutani au darini.

Usiahirishe kwa kuwa bili inalipika. Mgao ukikatika, presha ndani ya bomba hushuka, na tundu lililokuwa likitoa maji linaweza kuvuta yaliyo nje yake, pengine karibu na bomba la maji taka. Yanayofuata yanaingia jikoni.

Na wewe ambaye jamvi lako bado halijamwagwa: pitisha maji safi ukutani. Bomba lisiloepuka kupita chini lilaze ndani ya bomba kubwa zaidi, bila kiungo hata kimoja, na ulipige picha futi kamba ikiwa imenyooshwa pembeni yake kabla zege halijafika.