Mkono wa Mgonjwa wa Akili Usiachwe Bure



Jirani yetu mmoja hapa Samuye alirejea nyumbani baada ya kukaa muda mrefu katika hospitali ya maradhi ya akili. Dawa zake anakunywa, hapigi mtu wala hatukani. Lakini tangu asubuhi hata magharibi alikuwa akikaa peke yake chini ya mwembe, akiwekewa chakula pasipo kusemeshwa. Siku moja aliomba mkonge na kisu, asokote kamba. Nduguze wakatazamana, wakanyamaza, kisha wakatujia kutuuliza. Hilo ndilo lililotushikisha kalamu.

Alichokiomba si upuuzi, bali ni sehemu ya matibabu. Maradhi ya akili ya miaka mingi, hasa yale yaitwayo skizofrenia, yana pande mbili. Upande mmoja ni sauti na dhana zisizo za kweli, na hizo dawa huzipunguza. Wa pili ni ule wa mtu kukosa hamu, kunyamaza, na uso wake kutoonesha furaha wala huzuni. Huu dawa haziuwezi sana. Hapo ndipo wauguzi huwakusanya wagonjwa wachache, siku ile ile ya juma na mahali pale pale, wakachora, wakafinyanga au wakafuma. Hawapewi alama. Kazi ikiisha, atakaye huonesha aliyoyafanya na kusema neno, na asiyetaka haulazimishwi ulimi wake. Makasi na visu huhesabiwa kabla ya kazi na baada yake.

Jambo hili si geni kwetu Waislamu. Katika mji wa Edirne, Uturuki, Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali iliyokamilika mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi ameandika kwamba waimbaji na wapigaji ala waliwekwa humo kuwatuliza wagonjwa, wakiwamo wa akili. Huko Uingereza, mwaka 1946, mchoraji Edward Adamson alianza kukaa na wagonjwa wa hospitali ya Netherne, akiwaacha wachore wapendavyo pasipo kuwasahihisha. Na hapa kwetu, tuseme haki ijapokuwa si wenzetu katika dini, Walutheri wa Lutindi, milimani Usambara, wamewauguza wagonjwa wa akili tangu mwanzo wa karne ya 20, na kazi za mikono na za shamba ni katika uuguzi wao.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2012 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza juu ya watu 417 wenye skizofrenia. Waliopangiwa kuchora pamoja kila juma kwa mwaka mzima hawakuonekana kupona kuliko wenzao, na wengi wao walihudhuria kwa nadra. Basi asiwepo wa kumwachisha mgonjwa vidonge akampa rangi. Sisi twaona faida iko katika kule kukaa pamoja, na hiyo haipatikani kwa mtu asiyekuja, wala kwa mtu asiyeitwa.

Wako watakaouliza kuhusu picha. Imepokewa kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji mmoja achore miti na visivyo na roho. Njia ni pana: majani, nakshi, herufi, mikeka, vyungu na kamba.

Kuhusu kisu, hofu ya nduguze haikuwa bure, maana kisu na kamba si vitu vya kumwachia mgonjwa peke yake. Tuliwasomea aya ya 5 ya Suratun-Nisaa, ambayo pamoja na kuamrisha kuwalisha na kuwavika wasioweza kuangalia mali zao, yaamrisha pia wasemeshwe maneno mema. Tukawauliza ni lini mara ya mwisho walimsemesha, na hakuna aliyejibu.

Sasa kila Alhamisi baada ya alasiri nduguye mkubwa hukata mkonge yeye mwenyewe, akauparua, kisha kisu akakirudisha ndani. Hukaa mkekani pamoja na watoto wawili, na mgonjwa husokota. Kamba ikiisha huondoka nayo nduguye. Juma lililopita mgonjwa alimwambia mtoto mmoja kuwa anasokota kinyume, akamshika mkono kumwonesha.